Patrick Manson

Patrick Manson (Oldmeldrum, Uskoti, 3 Oktoba 1844 – London, Uingereza, 9 Aprili 1922) alikuwa daktari na mtafiti wa magonjwa ya nchi za joto. Anajulikana hasa kwa kuonyesha kwamba minyoo wanaosababisha matende na mabusha hukua ndani ya mbu, na kwamba minyoo wachanga huonekana katika damu ya mgonjwa usiku.

Maisha

Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Aberdeen. Mwaka 1866 alikwenda Formosa (leo Taiwan) kama daktari wa idara ya forodha ya China, akahamia Amoy (leo Xiamen) mwaka 1871. Huko alikuta wagonjwa wengi wenye matende. Mwaka 1899 alianzisha shule ya tiba ya nchi za joto mjini London. Aina moja ya minyoo wa kichocho, Schistosoma mansoni, ilipewa jina lake mwaka 1907.

Damu ya usiku

Mwaka 1872 Timothy Lewis, aliyefanya kazi Calcutta, Uhindi, alikuta minyoo wachanga katika damu ya watu. Manson naye alipima damu, lakini majibu hayakutulia: mtu yuleyule mara alikuwa na minyoo, mara hana. Wasaidizi wake walipopima mchana na usiku, ilidhihirika kwamba minyoo huanza kuonekana jioni, huwa wengi kabisa karibu na usiku wa manane, na hupotea asubuhi. Mchana hukaa katika mishipa midogo ya damu ya mapafu. Kwa hiyo mtu aliyepimwa saa nne asubuhi aliweza kuambiwa hana ugonjwa, ilhali usiku tone moja la damu ya kidole lingeonyesha minyoo tele.

Mwaka 1877 aliwaacha mbu wamuume Hinlo, mtunza bustani wake aliyekuwa na minyoo hao, kisha akawapasua mbu na kuona minyoo wakikua ndani yao. Hapo alikosea jambo moja kubwa: alidhani watu huambukizwa kwa kunywa maji ambamo mbu wamekufa. Mwaka 1900 George Carmichael Low alionyesha kwamba minyoo hutokea kwenye mdomo wa mbu.

Katika pwani ya Tanzania

Matende na mabusha ni maradhi ya siku nyingi Tanga, Bagamoyo, Zanzibar, Mafia na Mtwara. Kwa miaka mingi wapimaji walikwenda vijijini usiku, wakachukua damu kuanzia mnamo saa nne na kuiangalia kwa hadubini. Tangu miaka ya 1990 kuna vipimo vya kadi vinavyotambua antijeni za minyoo wakubwa. Hizo zimo katika damu saa zote, hivyo mtu hupimwa hata mchana na kupata majibu baada ya dakika chache. Ugawaji wa dawa za ivermectin na albendazole kwa watu wote ulianza Mafia mwaka 2000. Hata hivyo kadi haionyeshi kama minyoo wachanga wamo katika damu, kwa hiyo damu ya usiku bado hupimwa inapotakiwa kujua kama mtu anaweza kuambukiza mbu.