Upweke wa Msomi na Dawa Aliyoiacha Abdus Salam

Wahenga walinena kwamba ujuzi hauzeeki. Huenda hilo ni kweli kwa mhunzi na mshona viatu. Kwa mwanahisabati, ujuzi usiopata wa kuupinga wala kuusahihisha huchakaa upesi, na maisha ya marehemu Profesa Abdus Salam ni ushahidi tosha.

Salam alizaliwa mwaka 1926 na kulelewa Jhang, mji wa Punjab ulio karibu na mto Chenab, katika nchi ya joto na vumbi ambayo mkazi wa Kotile, kando ya Tana, angeitambua mara moja. Akiwa na umri wa miaka 14 alivunja rekodi ya alama katika mtihani wa kujiunga na Chuo Kikuu cha Punjab. Mwaka 1943, angali mwanafunzi, alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu fumbo la hisabati la Ramanujan. Mwaka 1946 alipata ufadhili wa kwenda Cambridge, Uingereza.

Mwaka 1951 alirejea kuwa profesa wa hisabati mjini Lahore, akiwa na ari ya kuanzisha utafiti. Lo! Hakukuwa na majarida mapya wala mtu wa kujadiliana naye. Mkuu wa chuo alimtaka ausahau utafiti na kuchagua kazi ya ziada. Salam akachagua kuisimamia klabu ya kandanda. Upweke huo, pamoja na ghasia za mwaka 1953 dhidi ya Waahmadiyya wenzake, ulimrudisha Cambridge mwaka 1954.

Mwingine angenyamaza akala matunda ya ugenini. Salam hakunyamaza. Mwaka 1964 alifungua mjini Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ambacho baadaye kilistawisha hisabati pia. Humo mhadhiri wa nchi maskini alialikwa kwa majuma au miezi kadhaa, akahudhuria warsha, akakosolewa na wenzake, kisha akarudi kufundisha kwao. Hakulazimika tena kuchagua baina ya nchi yake na taaluma yake. Salam alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979 pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg. Alifariki mwaka 1996, na mwaka uliofuata kituo hicho kikapewa jina lake.

Mbegu hiyo imefika kwetu. Tangu 2002 vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vina mpango wa pamoja wa hisabati, na mwaka 2018 taasisi shirika ya Trieste ilianzishwa Kigali.

Garissa nayo ina chuo kikuu kamili tangu 2017. Tuseme, msomaji mpendwa, binti wa Kotile amehitimu shahada ya uzamili katika hisabati, akarudi huko kufundisha. Nani atausoma utafiti wake? Nani atamwonyesha kosa lililo katika ukurasa wa pili? Tumezoea kudai madarasa na madawati, nayo ni haki yetu. Lakini nauli na majuma mawili ya warsha kila mwaka ni gharama ndogo kuliko kumpoteza msomi aliyesomeshwa kwa miaka ishirini.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Salam alilijua hilo kwa machungu; sisi hatuna sababu ya kungoja tujifunze vivyo hivyo.