Chico Mendes: Mgema Mpira Aliyezima Mkopo wa Barabara Kuokoa Amazon, Kisha Akauawa Mlangoni Pake

Kama umewahi kupita Gigiri, Nairobi, unajua UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, liko hapo. Mwaka wa 1987 shirika hilo lilimpa tuzo ya Global 500 msee mmoja wa Brazil ambaye maisha yake yote alikuwa akigema mpira msituni. Mwaka uliofuata, siku tatu kabla ya Krismasi, msee huyo aliuawa kwa risasi.

Jina umelisikia: Chico Mendes. Paul McCartney hata alimpa wimbo. Lakini wengi wanajua tu vile alikufa. Vile aliishi ndio stori yenyewe.

Alizaliwa ndani ya deni

Jina kamili ni Francisco Alves Mendes Filho. Alizaliwa tarehe 15 Desemba 1944 karibu na mji wa Xapuri, jimbo la Acre, kule Brazil inapopakana na Bolivia. Fathe alikuwa mgema mpira, na Chico akaingia kwa hiyo hasla akiwa na miaka 9 hivi. Unaamka kabla jua halijatoka, unatembea mti hadi mti, unachanja gome kidogo, unakinga utomvu. Mti haufi. Siku nyingine unarudi kwa mti ule ule.

Noma ilikuwa bosi. Mgema alinunua unga na panga kwa duka la bosi, kwa bei ya bosi, halafu akamuuzia mpira bosi huyo huyo, tena kwa bei ya bosi. Kitabu cha deni nacho aliandika nani? Bosi. Shule zilipigwa marufuku, maana mtoto akijua hesabu atagundua fathe anaibiwa.

Aliyemfunza Chico kusoma ni Euclides Távora, mkimbizi wa kisiasa aliyejificha msituni. Darasa lilikuwa magazeti ya kitambo na redio. Hapo rada ya kijana ikabadilika.

Familia mbele ya msumeno

Miaka ya 1970, serikali ya kijeshi ya Brazil iliamua kuifungua Amazon. Mabwenyenye wa ng'ombe wakaja na pesa zao, wakanunua ardhi, wakafyeka na kuchoma msitu ili wapande nyasi. Wagema wakafurushwa kwa keja zao.

Jibu lao liliitwa empate. Mbogi nzima, wanaume, wamama na watoto, inaingia msituni bila bunduki na kusimama mbele ya vibarua wenye misumeno. Wanabonga nao kwa upole: hata nyinyi ni masikini kama sisi, wekeni misumeno chini mwende nyumbani. Mara nyingine ilishika, mara nyingine makarao walikuja na watu wakalala ndani.

Mwaka wa 1980 Wilson Pinheiro, kiongozi wa chama chao mjini Brasiléia, alipigwa risasi akafa. Chico angeweza kuhepa. Hakuhepa.

Akafuata doo

Lakini aliona kitu. Empate moja inaokoa kipande kimoja. Wiki ijayo misumeno iko kipande kingine. Nani analipia haya yote? Barabara ya BR-364 kuelekea Acre ilikuwa inawekwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika, na lami ikifika, ng'ombe wanafuata.

Kwa hivyo Machi 1987, kwa msaada wa wanaharakati wa Marekani, alipanda ndege hadi Miami kwa mkutano wa benki hiyo, kisha akaenda Washington kubonga na watu wa Seneti, kwa sababu Marekani ilikuwa inachangia pesa za benki hiyo. Mwisho wa siku, malipo ya mkopo yakasimamishwa hadi Brazil ipange vile itawalinda watu na msitu. Mgema mpira alikuwa ameshika mkono wa benki ya kimataifa.

Nyumbani walimuita adui wa maendeleo. Ukweli ni kuwa alikuwa na mpango wake, uliotoka kwa mkutano wa wagema mjini Brasília mwaka wa 1985. Ardhi inabaki ya serikali, lakini wanaoishi humo wana haki ya kugema mpira na kuokota kokwa. Kuuza ardhi hapana, kufyeka yote hapana. Kwa watu waliozoea kwamba kulinda msitu ni kuwafukuza watu wake, hiyo ilikuwa mpya.

Usiku wa Desemba 22

Mwaka wa 1988 Darly Alves da Silva, mwenye ranchi, alitaka kufyeka msitu wa Cachoeira. Wagema wakamzuia, na serikali ikaugeuza kuwa hifadhi yao. Vitisho vikazidi, Chico akapewa walinzi wawili wa polisi.

Jioni ya Desemba 22 walinzi walikuwa ndani ya nyumba. Bafu lilikuwa nje, kama ploti zetu nyingi. Chico alifungua mlango wa nyuma aende kuoga, na risasi ikampata hapo hapo. Alikuwa ametimiza miaka 44 wiki moja tu kabla. Aliacha mke, Ilzamar, na watoto wadogo wawili.

Darly na mwanawe Darci walifungwa miaka 19 mwaka wa 1990. Wakatoroka 1993, wakashikwa tena 1996.

Alichoacha

Machi 1990 Brazil ilitangaza Hifadhi ya Chico Mendes, karibu hekta milioni moja, na nyingine zikafuata. Marina Silva, binti wa wagema aliyesimama naye kwa empate, alikuwa waziri wa mazingira kutoka 2003. Ukataji wa Amazon ulishuka kutoka zaidi ya kilomita za mraba 27,000 mwaka wa 2004 hadi chini ya 5,000 mwaka wa 2012. Si eti vita viliisha: ng'ombe wameingia hata ndani ya hifadhi yenye jina lake.

Na sisi pia inatuhusu. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Afrika, kule Arusha, iliamua kuwa Kenya ilikosea kuwafurusha Waogiek kutoka Mau kwa kisingizio cha kulinda msitu. Chico alikuwa amelisema hilo miaka 30 kabla: mlinzi wa kwanza wa msitu ni yule anayekula kutoka humo bila kuumaliza.

Wewe unaonaje, msee? Msitu ukilindwa, wenyewe wabaki ama watoke?