Dk Williamson: Mtu aliyeisaka almasi hadi akaipata Mwadui

Ukifika Shinyanga leo, utasikia mgodi wa almasi wa Mwadui ukiitwa Williamson. Jamaa huyo alikuwa nani, na kwa nini alihangaika miaka yote ile?

John Williamson alizaliwa Quebec, Canada, mwaka 1907. Alipoingia Chuo Kikuu cha McGill alianza na sheria, kisha akahamia jiolojia na kusoma hadi udaktari. Miaka ya 1930 alikuja Afrika kutafuta madini, akafika Tanganyika na kufanya kazi kwenye mgodi mdogo wa Mabuki, kusini ya Mwanza.

Almasi za Mabuki zilikuwa kidogo, hazikulipa. Waajiri wake wakakata tamaa. Yeye akabaki, akiamini kwamba mahali fulani kwenye mbuga zile kuna chanzo kikubwa zaidi.

Sasa, almasi hutafutwaje? Hujiunda zaidi ya kilomita 150 chini ya ardhi, kisha huletwa juu na milipuko ya volkano ndani ya mwamba uitwao kimberlaiti. Mwamba huo hauji na almasi peke yake. Hubeba pia ganeti nyekundu iliyokolea na ilmenaiti, punje nyeusi na nzito. Hizi huwa nyingi mno kuliko almasi, na mvua huzisomba mbali.

Basi mtafutaji huchekecha mchanga wa vijito akizisaka. Zikizidi kuwa nyingi, na kingo zake zikiwa bado hazijasagika, anajua chanzo kiko karibu.

Lakini kuna mtego. Punje hizo zinaonyesha kimberlaiti ilipo, hazihakikishi kwamba ndani yake mna almasi za kutosha. Baadaye sana, kwenye miaka ya 1970, ndipo wataalamu walipoonyesha kuwa ganeti zenye kromi nyingi na kalsiamu kidogo hutoka kwenye mazingira yanayozaa almasi. Zama za Williamson kipimo hicho hakikuwepo. Ilibidi uchimbe, uoshe udongo, ndiyo ujue. Yaani unaweza kumaliza hela zote kwenye mwamba mtupu.

Homa na ukata vilimwandama, lakini mwaka 1940 akaipata Mwadui. Wapo wanaosimulia kuwa siku hiyo gari lake lilikwama kwenye tope, na ndipo almasi ilipoonekana. Vyovyote iwavyo, kimberlaiti ile ina ukubwa wa hekta 146 hivi, miongoni mwa kubwa kabisa zilizowahi kuchimbwa duniani.

Mwaka 1947 ikatoka almasi ya waridi ya karati 54.5. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza iwe zawadi ya harusi. Ilipokatwa ikabaki karati 23.6.

Utajiri haukumfanya mnyonge mbele ya wakubwa wa biashara hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aligombana na kampuni zilizodhibiti soko la almasi duniani, akazihifadhi almasi zake badala ya kuwauzia kwa masharti yao.

Alifariki Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na miaka 50. Hakuwahi kuoa. Mwaka huohuo ndugu zake wakauza mgodi: nusu kwa serikali ya Tanganyika, nusu kwa De Beers, vigogo walewale wa soko aliloligomea.