Krapf: Mgeni aliyejifunza Kiswahili bila kitabu cha sarufi

MWANAFUNZI wa Muhoroni anayeanza Kihispania leo hukumbana na vitenzi mapema. Katika hablo, hablas, habla, mtenda hujulikana mwishoni mwa neno, ilhali Kiswahili humtanguliza: nasema, wasema, asema. Hata hivyo, mwanafunzi huyo ana vitabu vilivyokwisha kumpangia kila umbo.

Johann Ludwig Krapf hakuwa na bahati hiyo alipotua Mombasa mwaka 1844.

Mmishonari huyo alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani. Alifika Ethiopia mwaka 1837, na mwaka 1840 akachapisha muhtasari wa sarufi ya Kioromo. Alipozuiwa kurejea Shewa, aligeukia pwani yetu.

Waswahili walikuwa na tenzi na nyaraka kwa hati za Kiarabu tangu zamani. Kilichokosekana ni sarufi iliyopigwa chapa. Walimu wa Krapf wakawa wenyeji wenyewe, na mwezi Juni 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na Kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhiddin.

Mwezi uliofuata, homa ilimuua mkewe, Rosina, na siku chache baadaye binti yao mchanga akafariki. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Aliwazika, akarudi kwenye daftari lake.

Kazi haikuwa nyepesi. Mgeni asikiaye nilimpenda, kisha tutawapenda, hana budi kuvua viambishi vya mtenda, wakati na mtendwa ndipo alipate shina penda. Akishalipata, humngoja pendwa, pendana na pendeza. Anayejifunza Kihispania huambiwa mapema kwamba vitenzi huishia na -ar, -er au -ir. Krapf hakuwa na wa kumpa kanuni kama hizo.

Mwaka 1846 Johannes Rebmann alijiunga naye, wakaanzisha kituo cha Rabai. Desemba 1849, akiwa Ukambani, Krapf aliuona Mlima Kenya. Mwaka uliofuata muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili ulichapishwa Tübingen, kwa herufi za Kirumi ambazo alizipendelea kuliko za Kiarabu.

Alirejea Ulaya mwaka 1853, afya ikiwa imedhoofika. Alifariki Korntal tarehe 26 Novemba 1881, na kamusi yake kubwa ikatoka London mwaka 1882, bila yeye kuiona.

Lahaja aliyoishughulikia zaidi, Kimvita, haikuteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja. Lakini kamusi hiyo imehifadhi maneno mengi ya Wamvita wa karne ya 19.

Jina la Krapf ndilo lililobaki kwenye jalada. Elimu iliyomo ndani, hata hivyo, ilitoka vinywani mwa wenyeji waliovumilia maswali ya mgeni, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.