Sidi Mubarak Bombay na Medali ya Fedha

Ndugu wana-Kitete, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Tunawashukuru kwa michango yenu ya mwaka uliopita. Hesabu zake mtazikuta katika kurasa zinazofuata, kila shilingi na stakabadhi yake. Lakini kabla ya hesabu tumeona tuwaeleze maisha ya mtu aliyepita katika ardhi yetu mara nyingi, akiwasaidia wenzake wa safari, akatunukiwa zawadi ambayo watu wachache wa bara hili waliipata katika zama zake. Mtu huyo ni Sidi Mubarak, ambaye wengi wanamfahamu kwa jina la Bombay.

Alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, upande wa mpaka wa leo wa Tanzania na Msumbiji. Alipokuwa kijana mdogo, wafanyabiashara kutoka pwani walikizingira kijiji chao wakidai walipwe nguo walizokuwa wamezikopesha. Wanakijiji hawakuwa na cha kulipa. Wengine wakakimbia, wengine wakakamatwa, na Sidi Mubarak akawa miongoni mwa waliokamatwa. Alipelekwa Kilwa, kisha Unguja, akauzwa, akavushwa bahari mpaka India. Sisi tulio kwenye kazi ya uhasibu tunaisoma habari hii kwa uchungu wa pekee: mtoto ambaye hakukopa hata kipande cha kaniki alilipishwa deni la watu wazima kwa maisha yake.

Alitumika India kwa miaka mingi. Bwana wake alipofariki, akawa huru. Alirudi Unguja na jina la mji wa India likiwa limemganda, akajiunga na askari wa Sultani. Mwanzoni mwa mwaka 1857 alikuwa katika ngome ndogo ya Chogwe, upande wa Pangani, pale Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walipopita wakaelekea Usambara. Walimpenda kwa uchangamfu wake, wakamchukua.

Mwaka huohuo msafara wao ulianza kutoka Kaole, jirani na Bagamoyo, ukafuata njia ya kale ya wapagazi kuja kwetu Unyanyembe. Walitembea zaidi ya siku 130. Tarehe 7 Novemba 1857 wakaingia Kazeh, kituo cha biashara kilichokuwa hapa Tabora, wakapokewa vizuri na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Kutoka hapa wakaenda Ujiji, na katika safari hiyo Speke aliugua macho akawa karibu kipofu, na Burton hakuweza kutembea.

Waliporudi Kazeh katikati ya mwaka 1858, Burton alibaki apumzike. Speke alitaka kwenda kaskazini kulitazama ziwa kubwa alilosikia habari zake. Hakujua Kiarabu wala Kiswahili cha kumtosha njiani. Lugha aliyoweza kuongea na Bombay ilikuwa Kihindustani, ambayo Bombay aliipata utumwani. Kwa hiyo kila neno la kuomba njia, kununua chakula na kuwatuliza wapagazi lilipitia kinywani mwa Bombay. Kama si yeye, Speke angekuwa bubu katika nchi ya watu. Mwanzoni mwa Agosti 1858 walifika karibu na Mwanza, wakaliona ziwa ambalo Speke aliliita Victoria. Mwisho wa mwezi huo walikuwa wamerudi Kazeh.

Mwaka 1860 Speke alikuja tena, safari hii pamoja na James Grant, na Bombay akamfuata. Walipita hapa mapema mwaka 1861, wakaenda Karagwe na Buganda. Julai 1862 Speke alifika mahali mto Nile unapotoka ziwani. Wakateremka kaskazini hadi Misri. Wapagazi wengi waliotoka nao pwani walikuwa wameshatoroka njiani, lakini Bombay alifika.

Kwa msaada huo, Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunukia Bombay medali ya fedha. Speke mwenyewe alikuwa amekwisha kupewa ya dhahabu mwaka 1861. Katika Kiswahili chetu neno fedha ni moja, la madini na la matumizi, lakini fedha ya medali haiendi sokoni. Hainunui unga wala haiezeki nyumba. Kazi yake ni kusema kwamba mtu huyu alisaidia, na waliosaidiwa wanajua. Mtu ambaye zamani alibadilishwa kwa nguo, sasa jina lake liliingia katika kumbukumbu za chama cha wasomi, kwa ajili ya kazi yake.

Hatutaki kuipamba habari hii kupita kiasi. Katika safari ileile iliyomletea medali, Speke alimpiga Bombay ngumi mbele ya watu aliokuwa akiwasimamia. Baadaye Henry Stanley naye alimchapa. Wote walimtegemea, na wote waliandika makosa yake, hasa pombe na uzembe wa mizigo. Tuyaweke yote mezani, kwa maana hesabu ya kweli ina pande mbili.

Bombay hakuishia hapo. Mwaka 1871 alikuwa mkuu wa askari wa Stanley, wakakaa Kwihara wakati wa vita vya Mirambo, kisha wakaenda Ujiji walikomkuta David Livingstone. Mwaka 1873 alirudi Kwihara akiwa mnyapara wa Verney Lovett Cameron, na kutoka hapa wakavuka bara hadi bahari ya Atlantiki, wakafika Novemba 1875. Safari nne kubwa, na zote nne zilipita kwetu. Mwaka 1876 kile chama cha London kikampa pensheni ya maisha. Alifariki mwaka 1885.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msaada nao ni hivyo. Tunamjua Bombay kwa sababu jina lake liliandikwa. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba shuka, ushanga na pembe katika njia hiyohiyo walikuwa maelfu kwa maelfu, na majina ya walio wengi hayamo popote. Mabega yao ndiyo yaliyoijenga Tabora.

Kwa sababu hiyo, kuanzia mwaka huu daftari la chama chetu lina safu mpya. Pamoja na waliotoa fedha kwa ajili ya mfuko wa wanafunzi wetu, tutaandika waliotoa nguvu: mama aliyewapikia mafundi, kijana aliyesomba matofali, mzee aliyelinda vifaa usiku. Hatuna medali ya kuwapa. Tutawapa cheti, na majina yao yatasomwa mkutanoni mbele ya wote.

Ndugu zetu, changieni kwa kadiri mlivyojaliwa. Mwenye shilingi alete shilingi, mwenye bega alete bega. Kalamu iko tayari.