Seli zisizokufa za bwana mkubwa

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sithubutu kuwapinga wazee, lakini leo namkumbuka bwana mmoja ambaye alilolisema halikuwapo, likangojewa miaka mingi na wala halikuja.

Bwana huyo ni Alexis Carrel, Mfaransa aliyezaliwa karibu na mji wa Lyon mwaka 1873. Mnamo Juni 1894, Rais Sadi Carnot wa Ufaransa alidungwa kisu mjini humo. Mshipa mkubwa wa damu uendao kwenye ini ulikatika, naye akafariki kwa kuwa hakuna daktari aliyejua kuushona. Carrel, ambaye wakati huo alikuwa kijana akisomea udaktari, hakuridhika. Alimwendea mwanamke mtarizi, akajifunza kutumia sindano nyembamba na uzi wa hariri. Mwaka 1902 alichapisha mbinu yake ya kuunganisha mishipa.

Mshipa wa damu una bitana, mithili ya koti. Bitana hiyo ni tabaka moja tu la seli nyororo zinazozuia damu isigande. Carrel alizikunja kingo za mshipa kwa nje ili bitana ikutane na bitana. Kila apandikizwaye figo leo, hapa kwetu Kenya na kwingineko, hufaidi urithi wa sindano hiyo. Mwaka 1912 alitunukiwa Tuzo ya Nobel, naye aliistahili.

Mwezi Januari mwaka huohuo, akiwa katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, alikata kipande cha moyo wa kiinitete cha kuku, akakitia ndani ya chupa na kukilisha majimaji. Seli zikaongezeka. Ulimwengu ukaaminishwa kwamba seli zikitunzwa ipasavyo hazifi kamwe. Seli hizo ziliendelea kutunzwa hadi mwaka 1946, miaka miwili baada ya Carrel mwenyewe kuaga dunia.

Je, wataalamu wengine ambao seli zao zilikufa walisemaje? Aghalabu walijilaumu. Nani angemkosoa mshindi wa Nobel? Ilikuwa hadi mwaka 1961 ambapo Leonard Hayflick na Paul Moorhead, mjini Philadelphia, walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika takriban mara 50, kisha hukoma. Baadhi ya wataalamu hushuku kwamba majimaji aliyoyatumia Carrel, yaliyokamuliwa kutoka viinitete vya kuku, yalikuwa yakiingiza seli changa chupani kila mara.

Mwaka 1973, Eric Jaffe na wenzake mjini New York walifaulu kukuza maabarani seli za ile bitana ya mishipa ya binadamu. Walizitoa katika vitovu vya watoto waliozaliwa, vitu ambavyo wengi wetu huvizika na hospitali huvitupa. Kwa seli hizo watafiti huchunguza jinsi damu inavyoganda na jinsi mishipa inavyougua. Nazo pia huongezeka, huzeeka, na hukoma, ikalazimu kutafuta vitovu vipya. Mtafiti asiyelijua hilo angesoma dalili za uzee akidhani ni dalili za dawa anayoijaribu.

Ole wetu, imani katika bwana mkubwa haikuishia chupani. Mwaka 1935 Carrel alitoa kitabu akipendekeza kwamba wahalifu wa aina fulani wauawe kwa gesi, nacho kikanunuliwa kwa wingi. Mwaka 1941 serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, ilimpa taasisi ya kuongoza. Alifariki mjini Paris Novemba 1944, akiwa anatuhumiwa kuwa kibaraka.

Nilipokuwa shuleni niliwahi kumuuliza mwalimu ni vipi jambo fulani lilijulikana kuwa kweli. Nilijibiwa kwamba limeandikwa kitabuni, nikaamriwa kuketi. Niliketi. Ninashuku kwamba wengi wetu tungali tumeketi vivyo hivyo mbele ya madaktari, viongozi na wasomi wetu.

Simwombei Carrel asahaulike, la hasha. Sindano yake naiheshimu kwa sababu wengine waliijaribu, nayo ikashona. Chupa yake ingejaribiwa kwa ukali uleule, uongo huo usingeishi nusu karne. Kumuuliza mkubwa swali si kumvunjia heshima. Anayeaminiwa na wengi ndiye apasaye kuulizwa zaidi, maana akikosea, hakosei peke yake.