Carberry wa Nyeri na mlango wa ndege ndogo

Wahenga walisema ajali haina kinga. Methali hii imewafariji wengi makaburini, na mimi sina ugomvi na mfiwa anayejiliwaza kwayo. Ugomvi wangu ni na mwenye chombo anayeitumia kama ngao kabla hata safari haijaanza. Ili nieleze ninachokusudia, nitamsimulia msomaji maisha ya mtu mmoja aliyeishi Nyeri zamani, mtu ambaye jina lake limefungamana na mwanzo wa urubani katika nchi hii, kwa sifa na kwa msiba.

Mtu huyo ni John Carberry. Alizaliwa mwaka 1892 katika ukoo wa kilodi wa Ireland, na alikuwa bado mtoto mdogo aliporithi cheo cha baba yake pamoja na ngome ya Castle Freke katika jimbo la Cork. Utajiri ulimjia kabla ya busara. Alipofika ujanani alipenda vyombo vya kasi, na hasa ndege, ambazo wakati huo zilikuwa kitu kipya duniani. Mwaka 1914 alikuwa akiwaonyesha watu wa Ireland mizungu ya angani, na mwaka huohuo alikwenda Monaco kushindania kombe la Schneider. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, akarusha ndege katika jeshi la majini la Uingereza.

Baada ya vita aliuza ngome ya wazee wake, akaichukia Uingereza na desturi zake, akakiacha cheo chake na kutaka aitwe John Carberry tu. Mnamo mwaka 1920 hivi alihamia Kenya. Alijipatia shamba karibu na mji wa Nyeri, akapanda kahawa. Shamba hilo liliitwa Seremai, neno ambalo inasemekana asili yake ni Kimaasai, na maana yake ni mahali pa mauti, kwa kukumbuka vita vya kale baina ya Wamaasai na Wakikuyu.

Msomaji atakumbuka hali ya Nyeri siku zile. Ardhi ilikuwa imekatwa vipande, na Mwafrika mwanamume aliyetaka kufanya kazi katika shamba la mlowezi ilimlazimu kuvaa kipande shingoni. Jina lake, alama za vidole vyake na habari za mwajiri wake ziliandikwa katika karatasi iliyotiwa ndani ya kikopo cha bati. Serikali ya kikoloni, kwa hiyo, haikuwa na uzembe katika kusajili. Mvuna kahawa wa Seremai alisajiliwa, akakaguliwa, akaulizwa atokako na aendako. Tukumbuke jambo hili, kwani tutalihitaji mbele.

Mwaka 1925 Carberry aliletewa kutoka Uingereza, kwa meli hadi Mombasa, ndege ndogo ya mabawa mawili ya juu na chini, aina ya DH.51. Kiwanda cha de Havilland kilitengeneza ndege tatu tu za aina hiyo. Ilipewa jina la Miss Kenya, na mwaka 1926 ikaruka katika anga ya nchi hii. Daftari la usajili wa ndege lilipofunguliwa Kenya, ndiyo iliyoandikwa ya kwanza, kwa herufi G-KAA, na baadaye VP-KAA. Hivyo basi daftari ambalo leo lina ndege zote zenye alama ya 5Y lilianza na mali ya mkulima wa Nyeri.

Ndege hiyo haikuwa na mlango kama tuujuavyo sisi. Abiria alikanyaga bawa la chini, akavuka ukingo wa kiwiliwili cha ndege, akajitumbukiza katika kiti kilicho wazi, upepo ukimpiga usoni. Kilichomzuia asitupwe nje ndege ilipoinama ni mkanda mmoja tu. Mkanda huo ndio uliokuwa mlango wake. Kama umechakaa, kama kifungo chake kimelegea, au kama mwenyewe hakuufunga kwa sababu anaona aibu kuonekana mwoga, basi baina yake na ardhi hapakuwa na kitu.

Carberry alikuwa amemwoa Maia Anderson mwaka 1922, na mwaka 1925 wakapata binti, Juanita. Maia naye alijifunza kurusha ndege, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kufanya hivyo katika Afrika Mashariki. Wengi waliomjua walimpenda kuliko walivyompenda mumewe. Tarehe 12 Machi 1928, alikuwa angani Nairobi pamoja na kijana Dudley Cowie, aliyekuwa akijifunza. Ndege yao ilianguka, na wote wawili wakafa. Juanita alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Baadaye ilijengwa Nairobi nyumba ya kuwauguzia wagonjwa iliyobeba jina la Maia, na kwa miaka mingi watu walizaliwa na kutibiwa humo bila kujua kwamba jina lile lililoandikwa langoni lilikuwa la mama aliyeacha mtoto mchanga.

Miezi michache tu baada ya msiba huo, dunia nzima ilizungumzia mlango wa ndege. Tarehe 4 Julai 1928, tajiri mkubwa wa Ubelgiji, Alfred Loewenstein, aliondoka Croydon, Uingereza, kurudi Brussels katika ndege yake mwenyewe aina ya Fokker. Walipokuwa juu ya bahari, aliinuka kwenda msalani, sehemu ya nyuma, ambako karibu yake palikuwa na mlango wa kutokea nje. Hakurudi kitini. Maiti yake iliokotwa baharini siku kadhaa baadaye. Wataalamu walijaribu mlango kama ule angani, wakaona kwamba upepo huusukuma kwa nguvu ukarudi ulikotoka, na kwamba kuufungua si kazi ya mkono mmoja. Kitendawili hicho hakijateguliwa hadi leo. Lakini kilizusha swali ambalo mpaka wakati huo matajiri wenye ndege hawakupenda kuulizwa: chombo ni mali yako, sawa, je, mlango wake nao ni siri yako?

Turudi Nyeri. Carberry alioa tena mwaka 1930, akaendelea na ndege zake. Mwaka 1936 aliagiza ndege mpya aina ya Vega Gull, yenye chumba kilichofunikwa, akikusudia ishiriki mashindano ya kutoka Portsmouth hadi Johannesburg mwezi Septemba. Kabla ya mashindano aliiazima kwa Beryl Markham, rubani aliyekulia Kenya, ili avuke bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi. Beryl aliondoka Abingdon tarehe 4 Septemba 1936. Baada ya saa zaidi ya ishirini, injini ilizimika akiwa karibu na nchi kavu, na ndege ikajikita katika kinamasi cha kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Alinusurika, akapata umaarufu wa dunia nzima. Chanzo cha kuzimika, kwa maelezo yaliyokubalika, kilikuwa barafu iliyoziba tundu dogo la kupitishia hewa katika tangi la mafuta. Tundu lisilozidi ukubwa wa kidole! Herufi zilizoandikwa ubavuni mwa ndege ile zilikuwa VP-KCC, za daftari la Kenya.

Maisha ya Carberry baada ya hapo hayana mengi ya kujivunia. Mwaka 1941 nyumba yake ilitajwa katika habari za kesi ya kuuawa kwa Lodi Erroll, kwa kuwa mkewe June alikuwa miongoni mwa mashahidi. Katika miaka hiyo ya arobaini yeye mwenyewe alifungwa gerezani kwa kuvunja sheria za fedha. Juanita, aliyekua bila mama, alikimbia nyumba ile akiwa bado msichana, akawa baharia, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1999 alieleza viboko na ukatili wa Seremai. Carberry alifariki Afrika Kusini mwaka 1970. Ndege yake ya kwanza ilirudishwa Uingereza mwaka 1965, ikakarabatiwa, na imehifadhiwa katika mkusanyiko wa Shuttleworth, Old Warden. Chombo kilitunzwa vizuri kuliko familia ya mwenye chombo.

Kwa nini nimeyafukua haya? Kwa sababu roho ya Carberry haijatutoka. Hakuwa mwoga wala hakuwa mjinga. Alizijua injini kuliko watu wengi wa zama zake. Kosa lake ni kuamini kwamba mwenye mali hapaswi kuulizwa. Alikubali mvuna kahawa wake avae kipande, ila yeye mwenyewe aliiona kila sheria kuwa ni tusi. Na leo bado wapo wenye ndege ndogo wanaomwona mkaguzi kama adui, wanaoona kwamba komeo lililolegea ni jambo la kufungwa kwa waya mpaka wiki ijayo.

Tuuangalie mlango wenyewe. Katika ndege ndogo ya leo mlango una kazi mbili zinazopingana. Kazi ya kwanza ni kubaki umefungwa angani. Komeo lisiposhika vizuri, mlango hufunguka kidogo wakati wa kupaa, upepo ukavuma kwa kishindo. Mara nyingi mlango huo peke yake hauangushi ndege. Kinachoua ni rubani kushtuka, kuunyoshea mkono ili auvute, na kusahau kuirusha ndege, mpaka ikapoteza kasi karibu na ardhi. Kazi ya pili ni kufunguka upesi ndege ikiwa chini, inaungua au inazama, na mtu aliye ndani amejeruhiwa, gizani, kichwa chini miguu juu.

Chukua mfano wa Cessna 206, ndege inayojulikana sana katika viwanja vyetu vidogo. Nyingi kati ya hizo zina mlango mmoja wa rubani mbele kushoto, na mlango wa mizigo wa mbao mbili nyuma kulia, ambao ndio njia ya abiria wa nyuma. Rubani anapoteremsha vibao vya nyuma ya bawa ili atue au apae, kibao cha kulia huuzuia ubao wa mbele wa mlango huo usifunguke sawasawa. Asiyejua siri yake, na mahali kilipo kitasa cha ubao wa pili, atasukuma bure. Nchini Kanada watu wamekufa maji ndani ya ndege za aina hii, ilhali ndege yenyewe haikuvunjika kiasi cha kuwaua. Mwaka 2020 serikali ya huko iliingilia kati kwa agizo la kupunguza watu na viti ili njia ya kutokea ipatikane. Hilo ndilo jibu la mtu anayesema ajali haina kinga: kinga ilikuwepo, nayo ni kiti kimoja kuondolewa.

Sisi wa pande za Mlima Kenya tunaijua huzuni ya ndege. Mwezi Julai 2003 ndege iliyokodiwa na wageni iligonga mlima huo, wakafa watu 14. Mwezi Juni 2018 ndege nyingine iliyotoka Kitale ikapotea katika milima ya Aberdare, wakafa watu 10. Sisemi kwamba misiba hiyo ilitokana na milango. Nasema tu kwamba mawingu, baridi na vilele vyetu havimpi rubani nafasi ya kushughulika na komeo bovu wakati anapotafuta njia.

Sheria tunayo. Kenya ina Sheria ya Usafiri wa Ndege ya mwaka 2013, na mamlaka ya KCAA iliyoundwa mwaka 2002. Kanuni za kimataifa humtaka rubani awaeleze abiria jinsi ya kufunga mkanda na kufungua mlango. Lakini sheria iliyo Nairobi ni lazima ifike Nyaribo, Mweiga na Nanyuki, na pia katika viwanja vya nyasi vya mashamba ya Laikipia, ambako mwenye uwanja, mwenye ndege na rubani huenda wakawa mtu mmoja.

Basi nashauri mambo matatu. Mosi, komeo, bawaba na mkanda vikaguliwe kwa uzito uleule unaopewa injini, na hitilafu iandikwe badala ya kusimuliwa. Pili, asiruhusiwe rubani kuwasha injini kabla kila abiria hajaufungua na kuufunga mlango wake kwa mkono wake mwenyewe. Kazi hiyo haichukui dakika mbili. Tatu, idadi ya viti ipimwe kwa njia ya kutokea. Ukubwa wa nafasi ndani usiwe ndio kipimo.

Watakuwapo watakaolalamika kwamba gharama itapanda na watalii watapungua. Nawajibu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa msiba hujengwa kwa fedha nyingi kuliko komeo jipya. Nawakumbusha pia mtoto wa Seremai. Sheria ya ndege ndogo haitungwi kwa ajili ya Carberry, ambaye siku zote atasema anajua afanyalo. Inatungwa kwa ajili ya abiria aliyeketi nyuma yake, na kwa ajili ya yule anayesubiri nyumbani, asiyejua hata mlango wa ndege hufunguliwa vipi.